Kura au Mgomo? Maswali ya Wasomaji kuhusu Wasoshalisti na Waanakisti

SWALI: Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Morogoro, ambako nafundisha historia katika shule ya sekondari. Kila mwaka inapokaribia Mei Mosi huwa nawaeleza wanafunzi wangu chanzo cha sikukuu hiyo, na safari hii mmoja wao aliniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu. Ikiwa wasoshalisti na waanakisti wote walipinga unyonyaji, na wote walitaka viwanda na ardhi viwe mikononi mwa wanaovifanyia kazi, kwa nini walifukuzana kwa sababu ya bunge? Je, ulikuwa ugomvi wa Marx na Bakunin tu? Na nani alikuwa na haki?

JIBU: Mwalimu, ugomvi wa Karl Marx, kinara wa wasoshalisti, na Mikhail Bakunin, Mrusi aliyekuwa kinara wa waanakisti, yaani watu wasiotaka dola ya aina yoyote, ulikuwapo, na ulikuwa na chuki ya kweli ndani yake, lakini watu wawili hawawezi kuwagawa wafanyakazi wa bara zima kwa hasira zao peke yake. Muungano wa Kimataifa wa Wafanyakazi, uliozaliwa London mwezi Septemba 1864, uliwakusanya tangu mwanzo watu walioionja dola kwa namna tofauti. Walikuwamo Waingereza ambao tayari walikuwa wameiona sheria ya mwaka 1847 ikipunguza kazi ya wanawake na vijana katika viwanda vya nguo hadi saa 10 kwa siku, wakajua kwamba bunge likibanwa hutoa kitu. Walikuwamo pia mafundi saa wa milima ya Jura nchini Uswisi, watu wa karakana ndogondogo waliozoea kupanga kazi yao wenyewe, ambao hawakuona kwa nini wamtafute mtu wa kwenda kuwasemea mbali na kwao.

Kilichowalazimisha kuchagua upande ni Paris. Kuanzia Machi 18 hadi Mei 28 mwaka 1871 wafanyakazi na mafundi wa mji huo waliushika wenyewe, wakachagua baraza lao, kisha jeshi la serikali likaingia na kuua maelfu kwa maelfu. Damu ilikuwa ile ile, lakini watu walisoma ndani yake mambo mawili. Marx na wenzake walisema kwamba wafanyakazi wasio na chama chao cha siasa watachinjwa tena na tena. Bakunin na wenzake walisema kwamba Paris imeonyesha jinsi watu wanavyoweza kujiendesha bila kuisubiri serikali kuu. Nakuomba uzingatie jambo moja hapa, kwa kuwa nitalirudia: pande zote mbili zilisifu utaratibu wa kwamba mjumbe wa baraza la Paris aweze kuondolewa na waliomchagua wakati wowote. Katika hilo hawakutofautiana.

Mwezi Septemba mwaka huo huo, mkutano wa Muungano uliofanyika London ulipitisha azimio kwamba tabaka la wafanyakazi lijiunde kuwa chama cha siasa. Mwezi Novemba watu wa Jura wakakutana katika kijiji cha Sonvilier na kutoa waraka wa kupinga, wakiuliza itawezekanaje jamii huru na yenye usawa izaliwe na chombo kinachoendeshwa kwa amri kutoka juu. Mwaka uliofuata, katika mkutano mkuu wa The Hague wa Septemba 1872, Bakunin alifukuzwa katika Muungano pamoja na James Guillaume, ambaye aliwahi kuwa mwalimu wa shule kama wewe, na makao ya Baraza Kuu yakahamishiwa New York. Haikupita hata wiki mbili, waliofukuzwa na waliowaunga mkono wakakutana St-Imier, huko huko Jura, wakatangaza kwamba wajibu wa kwanza wa wafanyakazi ni kuiangamiza mamlaka ya kisiasa ya kila aina. Tangu hapo kukawa na nyumba mbili.

Sasa nikueleze hoja zenyewe, kwa kuwa wengi huzifupisha mno. Muanakisti si mtu wa fujo. Ni mtu anayeamini kwamba dola, hata ikikabidhiwa watu wema, ni chombo cha wachache kuwatawala wengi, na kwamba mfanyakazi anayeingia ndani yake huacha kuwa mfanyakazi. Bakunin hakusema tu kwamba wabunge hununuliwa, maana hilo kila mtu analijua. Alisema jambo zito zaidi: hata asiyenunuliwa hubadilika, kwa sababu ameanza kuwatazama wenzake kutoka juu, kwa jicho la serikali. Kwa hiyo waanakisti walishikilia kile walichokiita hatua ya moja kwa moja, yaani mgomo, mgomo baridi, kususia bidhaa, kukataa kulipa kodi ya nyumba, kukalia kiwanda au shamba. Katika mambo hayo yote aliyeumia hujitetea mwenyewe pamoja na wenzake, bila wakala. Waliamini pia kwamba mtu hujifunza kujitawala kwa kujitawala, na kwamba kumzoesha mfanyakazi kusubiri uchaguzi wa miaka minne ijayo ni kumfundisha kusubiri.

Wasoshalisti walijibu kwamba mgomo humbana mwajiri mmoja, ilhali sheria huwabana waajiri wote wa nchi, hata kule ambako wafanyakazi ni wachache na hawana nguvu ya kugoma. Walikuwa na mfano mkubwa mikononi. Kuanzia mwaka 1878 hadi 1890 serikali ya Kansela Bismarck ilipiga marufuku mikutano na magazeti ya wasoshalisti wa Ujerumani, lakini haikuwazuia wagombea wao kusimama katika uchaguzi, wala haikuweza kuwafunga kwa maneno waliyoyasema ndani ya bunge. Kwa miaka 12 jukwaa la bunge likawa karibu ndilo jukwaa lao pekee la halali. Chama hakikufa; kilikua. Mwaka 1912 kilipata theluthi moja ya kura na wabunge 110, kikawa chama kikubwa kuliko vyote nchini. Anayesema kwamba kura haina maana yoyote hana budi kuieleza miaka hiyo 12.

Hata hivyo anayesema kwamba kura inatosha hana budi kuieleza tarehe 4 Agosti 1914, siku ambayo wabunge hao 110, baada ya kuwaahidi wafanyakazi kwa miaka mingi kwamba hawatakubali vita ya mataifa, waliipa serikali fedha za vita kwa sauti moja. Waliokuwa wamepinga katika kikao cha faragha, Karl Liebknecht akiwamo, walifuata nidhamu ya chama ukumbini, na Liebknecht alipiga kura ya hapana, peke yake, mwezi Desemba tu. Mamilioni waliowapigia kura hawakuwa na njia ya kuwarudisha nyumbani wala ya kuwauliza. Siwezi kuificha huzuni niliyo nayo kila ninapoisoma siku hiyo.

Mwanafunzi wako atafaidika zaidi akiwafuata watu wawili waliopishana njiani. Andrea Costa wa Italia alikuwa muanakisti aliyeshiriki jaribio la uasi la Bologna mwaka 1874 na kufungwa. Mwaka 1879 aliwaandikia barua marafiki zake wa Romagna akieleza kwamba wamejitenga mno na maisha ya watu wa kawaida, na mwaka 1882 akaingia bungeni, akawa msoshalisti wa kwanza kuchaguliwa nchini humo. Ferdinand Domela Nieuwenhuis wa Uholanzi, aliyekuwa mchungaji wa Kilutheri, alianzia upande wa pili: alichaguliwa mwaka 1888, akakaa bungeni miaka mitatu akiwa peke yake, kila hoja yake ikipuuzwa, akashindwa uchaguzi wa 1891 na kuishia kuwa muanakisti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa msaliti au mjinga. Kila mmoja aliyaishi mapungufu ya njia aliyoanza nayo.

Na kwa kuwa umetaja Mei Mosi, usiache kuwaambia wanafunzi kwamba Albert Parsons, mpiga chapa wa Chicago aliyenyongwa tarehe 11 Novemba 1887 pamoja na wenzake watatu kwa sababu ya bomu lililolipuka siku chache baada ya mgomo wa Mei Mosi 1886, aliwahi kugombea nafasi za uchaguzi kwa tiketi ya wasoshalisti. Mwaka 1880 matokeo ya diwani wao Frank Stauber yalichakachuliwa, na waliohusika wakaachiwa huru mahakamani. Ni baada ya mambo kama hayo Parsons na wenzake walipoacha kuitegemea kura.

Uliuliza nani alikuwa na haki. Maoni yangu ni kwamba waanakisti walikosea walipoufanya ususiaji wa uchaguzi kuwa kanuni ya imani isiyojali mahali wala wakati, lakini swali lao kuhusu mjumbe anayegeuka mtawala halikujibiwa na wasoshalisti, na kutojibiwa huko kuliwagharimu watu wengi maisha. Ushahidi wangu mkubwa ni Hispania, ambayo nitaieleza katika jibu la msomaji wa Mombasa hapa chini.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo mjini Nairobi. Nikisoma kuhusu hatua ya moja kwa moja hukutana na habari za mabomu na mauaji ya marais. Je, hiyo ndiyo iliyokuwa maana yake?

JIBU: Hapana, ingawa uchanganyaji huo una chanzo. Tarehe 9 Desemba 1893 Auguste Vaillant alirusha bomu ndani ya ukumbi wa bunge la Ufaransa, na mwezi Juni 1894 Rais Sadi Carnot alichomwa kisu na kuuawa mjini Lyon. Hakuna mfanyakazi aliyenufaika. Bunge lile lile lililorushiwa bomu lilipitisha ndani ya siku chache sheria kali dhidi ya magazeti na vikundi vya waanakisti, na waliofungwa wengi hawakuwa na hatia ya kuua. Fernand Pelloutier na Émile Pouget, waanakisti wawili wenye akili pana, walielewa kwamba njia hiyo imefungwa, wakawahimiza wenzao waingie katika vyama vya wafanyakazi. Huko ndiko neno hilo lilikopata maana yake halisi. Mkutano wa CGT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Ufaransa, uliofanyika Amiens mwezi Oktoba 1906 ulikubali kwa kura 830 dhidi ya 8 kwamba mwanachama yu huru kufuata chama chochote cha siasa huko nje, mradi asiiingize siasa hiyo katika chama cha wafanyakazi. Miezi michache kabla, Mei Mosi ya mwaka huo, shirikisho hilo lilikuwa limeitisha mgomo mkubwa wa kudai kazi isizidi saa 8 kwa siku, na mwezi Julai bunge likapitisha sheria ya siku moja ya mapumziko kila wiki. Nakuomba uitazame hiyo Julai kwa makini: shinikizo lilitoka mitaani na migodini, lakini haki yenyewe iliandikwa bungeni.

SWALI: Nakuandikia kutoka Mombasa, ambako nafanya kazi ya ukarani bandarini. Mjomba wangu, aliyesoma sana, husema kwamba waanakisti wa Hispania waliwakataza watu kupiga kura, kisha wao wenyewe wakawa mawaziri. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, si ni unafiki?

JIBU: Mjomba wako amesema kweli, lakini neno unafiki silikubali, na naomba univumilie nieleze kwa urefu.

Kwanza elewa kwa nini Mhispania maskini aliidharau kura. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 vyama viwili vya wenye mali vilikuwa vikipokezana serikali kwa mapatano, na matokeo yalipangwa Madrid kabla ya watu kupiga kura, huku wakubwa wa kila wilaya wakihakikisha kwamba sanduku linatoa kilichopangwa. Mfanyakazi wa shamba wa Andalusia aliyeacha kupiga kura hakuwa mvivu wa mambo ya nchi. Alikataa kuwa sehemu ya udanganyifu aliouona kwa macho yake. Wasoshalisti, chini ya mpiga chapa Pablo Iglesias, walianzisha chama chao mwaka 1879 na kumwingiza bungeni mbunge wao wa kwanza, Iglesias mwenyewe, mwaka 1910. Miaka 31 kwa kiti kimoja. Mwaka huo huo wa 1910 ilizaliwa Barcelona CNT, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililofuata mawazo ya kianakisti, ambalo wajumbe wake walitumwa na maagizo maalumu na ambalo karibu halikuwa na viongozi wa kulipwa.

Mwezi Februari 1919 kampuni ya umeme ya Barcelona, iliyojulikana kwa jina la La Canadiense, iliwafukuza makarani wachache, watu wa kazi kama yako. Wenzao waligoma kuwatetea, mgomo ukasambaa, taa zikazimika, tramu zikasimama, viwanda vikafungwa, na baada ya siku 44 waajiri wakakubali masharti. Tarehe 3 Aprili serikali ilitoa amri ya kazi ya saa 8 kwa nchi nzima. CNT haikuwa na mbunge hata mmoja. Ukitaka kujua kwa nini watu waliipenda CNT kwa moyo wote, ni kwa sababu ya siku hizo 44.

Kisha ikaja chuki. Jenerali Primo de Rivera alipotwaa madaraka mwaka 1923, CNT ilifungiwa na viongozi wake wakafungwa au kukimbia, lakini UGT, shirikisho la wasoshalisti, lilikubali kushirikiana naye, na kiongozi wake Francisco Largo Caballero akakubali kiti katika Baraza la Dola. Jamhuri ilipotangazwa mwezi Aprili 1931, Largo Caballero akawa waziri wa kazi. Lazima niwe mkweli kwamba alifanya mengi mema: saa 8 zikawafikia wafanyakazi wa mashambani, na mwenye shamba akakatazwa kuleta vibarua kutoka wilaya nyingine wakati wenyeji hawana kazi. Lakini aliunda pia mabaraza ya usuluhishi yaliyosimamiwa na serikali, na kwa shirikisho lililokataa usuluhishi wa dola kama CNT hilo lilikuwa kama kunyang'anywa mgomo. Mwezi Januari 1933, katika kijiji cha Casas Viejas, waanakisti walipojaribu kutangaza ukomunisti wao huru, yaani maisha ya kumiliki mali kwa pamoja bila dola, askari walikichoma moto kibanda cha mzee aliyeitwa Seisdedos pamoja na watu waliokuwamo, kisha wakawakamata wanaume wa kijiji na kuwapiga risasi. Walikufa zaidi ya watu 20. Wasoshalisti walikuwa serikalini siku hiyo.

Kwa hiyo uchaguzi wa Novemba 1933 ulipofika, CNT ilifanya kampeni kubwa ya kuwaambia watu wasipige kura. Viti vya wasoshalisti vilipungua kufikia takriban nusu, na vyama vya kulia vikashinda. Ususiaji haukuwa sababu pekee, maana wasoshalisti na vyama vya Jamhuri walikuwa wamegawanyika chini ya sheria ya uchaguzi iliyowazawadia walioungana, lakini ulichangia, na walioumia kwanza ni wanachama wa kawaida wa pande zote mbili. Sheria ya vibarua wa wenyeji ilifutwa mwaka 1934, ujira mashambani ukashuka. Mwezi Oktoba mwaka huo wachimba makaa wa Asturias waliasi, na huko, tofauti na sehemu nyingine za nchi, UGT na CNT walisimama pamoja. Walipigwa na majeshi yaliyoletwa kutoka Moroko, operesheni ikiongozwa kutoka Madrid na Jenerali Franco. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa na magereza yakajaa.

Wafungwa hao ndio waliobadilisha mambo. Tarehe 16 Februari 1936 Umoja wa vyama vya kushoto ulikwenda kwenye uchaguzi ukiahidi msamaha kwa wafungwa wa kisiasa. CNT haikuibatilisha kanuni yake, lakini haikurudia kampeni ya 1933, na wanachama wake wengi walikwenda kupiga kura kwa sababu mume, kaka au rafiki alikuwa jela. Mimi siwezi kumlaumu mwanamke aliyeweka karatasi sandukuni ili mwanawe atoke gerezani, wala sijui ni nadharia gani ingeweza kumkataza. Umoja ulishinda na milango ya magereza ikafunguliwa.

Miezi mitano baadaye majenerali waliasi. Mjini Barcelona tarehe 19 Julai waliolizuia jeshi walikuwa kwa sehemu kubwa wafanyakazi wa CNT, na kwa miezi kadhaa viwanda, tramu na mashamba mengi ya Catalonia na Aragón viliendeshwa na waliovifanyia kazi. Lakini silaha na dhahabu vilikuwa mikononi mwa serikali, na Franco, sasa kiongozi wa majenerali waasi, alikuwa anaikaribia Madrid. Tarehe 4 Novemba 1936 waanakisti wanne waliingia katika serikali ya mseto iliyoongozwa na Largo Caballero yule yule: Federica Montseny waziri wa afya, mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini Hispania, Juan García Oliver wa sheria, Juan Peiró wa viwanda na Juan López wa biashara. Waliingia kwa sababu nyumba ilikuwa inaungua. Kosa ninaloliona mimi si kuingia. Ni namna walivyoingia. Shirikisho lililokuwa limejenga heshima yake juu ya mjumbe mwenye maagizo na anayeweza kurudishwa lilifikia uamuzi mkubwa kuliko yote kupitia mazungumzo ya viongozi, na wanachama wa kawaida hawakupata nafasi ya kuujadili ipasavyo wala njia ya kuwarudisha mawaziri wao nyumbani. Jambo ambalo mwaka 1871 pande zote mbili zililisifu, sasa hakuna upande uliokuwa nalo.

Matokeo yalionekana mwezi Mei 1937. Polisi walipojaribu kuitwaa ofisi ya simu ya Barcelona, iliyokuwa chini ya wafanyakazi wa CNT, mapigano yalizuka mitaani na mamia ya watu wakauawa. García Oliver na Montseny walisema redioni wakiwasihi wanachama wao waache kupigana, na kuna waliosikia sauti hizo kwenye vizuizi vya barabarani wakaamini kwamba zimeghushiwa, kwa kuwa hawakuweza kukubali kwamba ni wao. Kabla mwezi haujaisha serikali ya Largo Caballero ilikuwa imeanguka na mawaziri wa kianakisti wametoka.

Mwambie mjomba wako pia kilichowapata baadaye. Largo Caballero alikamatwa Ufaransa na kupelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Peiró, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha vioo, Wajerumani walimkabidhi kwa Franco, aliyekuwa ameshinda vita na kuitawala Hispania. Alitakiwa afanye kazi katika vyama vya wafanyakazi vya utawala huo, akakataa, na mwezi Julai 1942 akapigwa risasi karibu na Valencia.